Ampli ndogo ya besi na ukuta wa jirani

 

Wiki zilizopita vijana watatu walituuliza swali moja kwa nyakati tofauti: tuko na gita la besi, hatuna pa kulichomeka, tununue nini cha bei ndogo cha kufanyia mazoezi nyumbani? Tuliahidi kujibu. Jibu lenyewe ni fupi, lakini sisi tulilipata kwa njia ndefu, na kuna kipande cha ile njia kinatuaibisha mpaka leo. Basi tutaeleza yote.

Gita letu la besi ni la nyuzi nne, lilinunuliwa Kampala likiwa limeshatumika. Halina betri ndani. Kwa muda wa mwaka na zaidi, mpiga besi wetu alikuwa akifanya mazoezi kwa kusukuma kichwa cha gita kwenye mlango. Msicheke. Jaribuni. Ukigusisha kichwa cha besi kwenye mlango wa mbao, kabati au meza, ubao wote unaanza kutetemeka na sauti inatoka, ndogo lakini ya kweli. Mlango wa nyumba yao una alama pale juu ya bawaba, rangi imetoka. Mama yake aliuliza panya gani huyu anayekula mlango kwa juu.

Kanisani kulikuwa na ampli kubwa, lakini ilikuwa inafungiwa, inatoka Jumamosi na Jumapili peke yake. Hatuwalaumu. Ni mali yao, na vitu vingi hupotea kwa mikono mingi. Ila mtu hawezi kujifunza besi kwa saa mbili za wiki huku kwaya yote inamsubiri.

Kwa nyie wa mashirika, tuseme kidogo kwa nini besi ni jambo kubwa kwetu. Watu wakisikia muziki wa Kongo wanataja gita la solo, zile nyuzi nyembamba zinazolia juu wakati wa sebene. Ni haki yao, ni tamu. Lakini muulize anayecheza dansi mguu wake unafuata nini. Besi ya kwetu haipigi kila pigo. Inaruka, inaacha shimo, halafu inajibu ngoma mahali ambapo hukutegemea. Ukiiondoa, waimbaji wanapanda sauti bila kujua, mpiga ngoma anakimbia, na mnamaliza wimbo mkiwa mbali na mlipoanzia. Tumerekodi mazoezi yetu ya zamani kwenye simu. Besi haisikiki kabisa, na sisi wote tunasikika kama watu wanaokimbizana.

Kitu cha kwanza tulichojaribu ni sabufa. Kila mtu hujaribu sabufa, kwa sababu iko kila mahali na imeandikwa besi kwa mbele. Tulikata waya, tukaunganisha, tukachomeka. Sauti ilitoka kama mtu anaongea na blanketi mdomoni, na ndogo sana, mpaka tuzungushe kitufe hadi mwisho, na hapo mvumo unakuwa mkubwa kuliko muziki. Fundi wetu wa redio alituelezea baadaye. Sabufa inategemea umeme wa simu au deki, ambao tayari una nguvu. Gita lisilo na betri linatoa umeme dhaifu sana, na ile soketi ya sabufa inaunyonya kabla haujafika. Soketi ya ampli ya gita imetengenezwa isiunyonye. Kwa hiyo kama hapo nyumbani kuna sabufa, iacheni iendelee na kazi yake ya sinema.

Na ampli ya gita la kawaida je? Kwa sauti ya chini kabisa mtapona. Ukipandisha, mtaua spika. Uzi mnene wa besi, ule wa Mi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gita la kawaida unatetemeka mara 82. Ni nusu kamili. Ile karatasi ya spika inabidi iende mbele na kurudi kwa safari ndefu zaidi, na ya gita haikujengwa kwa safari hiyo.

Sasa kipande cha aibu.

Rafiki yetu mmoja, aliyekuwa anapiga kinanda kwenye kundi, alipata safari na familia yake, wakaenda Marekani. Kule alianza kazi ya usiku, na mwaka wake wa kwanza haukuwa umeisha alipotuandikia kwamba amepata ampli ndogo ya besi kwa mtu aliyekuwa anahama, na kuna mama wa kanisa lao anakuja Uganda, ataibeba. Ilifika kweli. Ilikuwa nyeusi, nzuri, spika ya inchi 8, ndani ya sanduku lililojazwa sweta ili isigongwe. Zile sweta pia zilikuwa zawadi.

Tulikusanyika watu 11 kwa nyumba ya mtu mwenye jenereta. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili bapa, tukatafuta adapta ya duka. Tukachomeka. Taa nyekundu ikawaka sana, ikawa kama inacheka. Fyuzi haikuwahi. Kabla mpiga besi hajamaliza kuvaa mkanda wa gita, kulikuwa na harufu ya plastiki na moshi mwembamba unatoka kwa nyuma, kwenye kibao kilichoandikwa kwa herufi wazi kabisa: 120V.

Hapa umeme ni 240. Tuliipa mara mbili ya kile ilichoomba. Hakuna kati yetu 11 aliyesoma nyuma. Adapta ile ya plagi inabadilisha umbo la miguu tu, haibadilishi umeme, na hilo tulilijua wote darasani, tukalisahau mbele ya zawadi. Kulikuwa na dawa: transfoma ya kushusha umeme, ile nzito kama tofali, inayogeuza 240 kuwa 110 au 120. Kuna ampli nyingine zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua. Ile haikuwa nayo.

Rafiki yetu aliandika kesho yake: nitumieni video. Hatukujibu. Aliandika tena. Tukamwambia jenereta imeharibika. Wiki ya tatu ndipo dada mmoja kati yetu alisema hawezi tena kulala na uongo wa watu 11, akampigia mwenyewe. Yule rafiki alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna mtu aliumia. Halafu akauliza kama spika ilipona. Ilipona. Bado tuko nayo.

Baada ya hapo tuliamua kununua yetu kwa pesa yetu. Tuko 14. Kila mtu shilingi 1,000 kwa wiki, wiki 40. Kwa hesabu ya daftari ingekuwa 560,000. Ilipatikana 437,000, kwa sababu kuna wiki mtu hana, na tulikubaliana kwamba asiye nacho haulizwi mbele ya watu. Kati yetu kuna anayechoma chapati, kuna wawili wa boda, kuna wanaosuka nywele, kuna wanafunzi ambao elfu moja yao ilikuwa inatoka sijui wapi, na hatukutaka kujua sana.

Pesa ilipotimia ndipo ugomvi ulipoanza. Mweka hazina wetu ni dada wa miaka 22, na alisimama akasema maneno ambayo tunayaandika kama alivyosema, kwa ruhusa yake:

"Nyumbani kwetu tuliwekwa kundi la tatu. Posho hatupati tena hata kidogo. Mama anaona mimi nashika laki nne ya watu kwa daftari, halafu naenda kununua sanduku la kupigia kelele. Nimwambie nini?"

Watu walinyamaza. Wale wa mashirika mnajua, toka 2023 posho imegawanywa kwa makundi, na kundi la tatu halina kitu. Mmoja akasema tugawane, kila mtu arudishiwe yake. Mwingine akasema tununue mbuzi. Wa tatu akaja na wazo ambalo lilionekana la akili zaidi: tuongeze kidogo, tununue ampli kubwa iliyotumika, ya wati 100, spika ya inchi 15, tuwe tunaikodisha kwa harusi, irudishe pesa.

Lile wazo lilituchukua wiki mbili. Tulikwenda kuwauliza wenye vyombo vya kukodisha. Kumbe kwa harusi za hapa mtu hakodi ampli ya besi peke yake. Anakodi seti nzima, mikisa, spika mbili kubwa, jenereta na kijana wa kuvikaa. Besi inaingia kwenye mikisa moja kwa moja, kwa waya. Ile ampli ya wati 100 ingekaa nyumbani kama ng'ombe asiye na maziwa, inakula sola yote na kubebwa na watu wawili. Tulichokosa sisi haikuwa nguvu ya harusini. Kwenye harusi tulikuwa tunaitwa, tunaenda, na tunapiga vibaya, kwa sababu mpiga besi alijifunza wimbo kwenye mlango. Harusi mbili walitulipa nusu. Ya tatu walimtafuta mtu mwingine.

Mweka hazina alisikiliza yote hayo, akasema sawa, lakini iandikwe: harusi ya kwanza tutakayolipwa kamili, elfu 50 inaingia kwenye mfuko wa ugonjwa wa wanakundi. Ikaandikwa. Kwa mama yake alijua mwenyewe la kusema.

Basi tukatafuta ndogo. Hapa ndipo jibu la wale vijana watatu lilipo.

Kwa chumba, wati 15 mpaka 25 zinatosha. Watu wanadhani wati 30 zinalia mara mbili ya wati 15. Hapana. Ukizidisha wati mara mbili, sikio linaona tofauti ndogo tu. Ili uisikie kama mara mbili, unahitaji kama mara kumi ya wati. Kwa hiyo usimlipe mtu laki moja zaidi kwa sababu ya wati kumi. Kilicho muhimu zaidi ni spika na sanduku lake. Inchi 8 ndiyo ya kawaida kwa zile ndogo. Inchi 10 ni nzuri zaidi kama bei inaruhusu. Chini ya inchi 8 unaanza kusikia plastiki, isipokuwa zile zilizotengenezwa kwa ujanja maalumu.

Hakuna spika ya inchi 8 ndani ya sanduku dogo itakayokupa zile 41 za uzi wa Mi kwa ukamilifu. Lakini sauti ya uzi haitoki peke yake, inatoka na watoto wake, 82, 123 na kuendelea. Spika ndogo inawatoa hao watoto, na kichwa chako kinajaza mzazi. Ndiyo sababu kwa chumba unasikia noti yako vizuri, lakini ngozi ya tumbo haitetemeki. Kwa kujifunza inatosha kabisa, na kwa jirani ni heri.

Cha pili, tundu la hedifoni. Hili kwetu lilikuwa sharti, na mtaona kwa nini. Cha tatu, tundu la kuingizia simu, ili upige wimbo kutoka kwenye simu na besi yako juu yake. Mtu anayejifunza sebene kwa kusikiliza anahitaji hilo kuliko vitufe kumi vya madoido. Vitufe vya besi, kati na juu vinatosha. Ukikuta tundu la kutolea sauti kwenda kwenye mikisa, ni bahati.

Majina mtakayokutana nayo kwenye maduka: Fender Rumble 25 na Orange Crush Bass 25, zote wati 25 na spika ya inchi 8. Ampeg BA-108 ya wati 20, inchi 8 pia. Kuna Roland Micro Cube Bass RX, ambayo ina spika nne ndogo za inchi 4 na inaweza kula betri 6 za AA, ya kuvutia kwa sisi watu wa sola, ila tulipoiulizia bei tulirudisha macho chini. Na kama hauna pesa kabisa, kuna Vox amPlug ya besi, kidude cha kiganjani kinachoingia kwenye gita lenyewe, kinakula betri mbili ndogo za AAA, unachomeka hedifoni na kupiga. Hakina spika. Kwa mtu wa peke yake tungesema aanze na hicho. Sisi tulitaka kusikilizana.

Safari ya Kampala ilikwenda na watu wawili. Mpiga besi kwa nauli ya kundi, elfu 90 kwenda na kurudi, na dada mmoja aliyekuwa anaenda kwa shangazi yake Nsambya kwa nauli yake mwenyewe. Huyu dada hapigi chombo chochote, lakini anajua kukataa. Duka la kwanza waliambiwa ampli mpya 700,000. Wakatoka. La tatu lilikuwa la vitu vilivyotumika, na pale kulikuwa na moja ya wati 20, sanduku limechubuka kona, bei 420,000.

Walifanya kama tulivyokubaliana. Kwanza kabisa waligeuza nyuma na kusoma kibao. 220-240V. Walisoma mara mbili, wakapiga picha, wakatuma kwenye simu zetu, na sisi tukasoma huku. Halafu walitoa gita letu wenyewe, kwa sababu gita la duka linaweza kudanganya kwa uzuri. Waliwasha bila kuchomeka kitu, wakasikiliza mvumo. Wakachomeka, wakatikisa plagi kwenye tundu, maana tundu lililolegea linakata sauti. Wakazungusha kila kitufe polepole. Kimoja kilikwaruza. Hilo ni vumbi, lina dawa ya kupuliza, lakini muuzaji si lazima ajue kwamba unajua. Wakapiga Mi wazi kwa sauti ya chini, kisha nusu, kisha zaidi, huku mmoja ameweka kiganja karibu na spika. Spika iliyochanika inatoa sauti kama nzi ndani ya chupa. Hii haikuwa na nzi. Wakachomeka hedifoni, spika ikanyamaza, vizuri. Mwisho wakaiacha inawaka nusu saa wakipiga stori, wakanusa nyuma.

Dada akasema 300,000. Muuzaji akacheka. Dada akaanza kufunga gita kwenye begi. Ilimalizika 330,000. Zilibaki 17,000, wakanunua kebo. Walirudi na sifuri.

Nyumbani umeme wa laini haujafika. Tuko na paneli, betri ya 12V ya ampea-saa 20, na inveta ndogo. Hesabu ni hii: 12 mara 20 ni wati-saa 240. Betri ya risasi ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo ya kutumia ni 120. Fundi alipima ampli kwa sauti ya chumbani, ikawa inakula karibu wati 18, na tukihesabu na kile inveta inachokula, tuseme 22. Saa mbili za mazoezi ni 44. Inabaki ya taa na simu. Ampli ya wati 100 isingetuachia hata ya kutafutia viatu usiku.

Inveta ya bei ndogo inaleta mvumo. Tulidhani ampli ni mbovu, tukaanza kumlaani yule muuzaji. Kumbe ilikuwa chaja ya simu kwenye inveta ileile. Tulipoitoa na kuchaji simu moja kwa moja kwenye 12V, mvumo ulipungua zaidi ya nusu. Na kama ukigusa nyuzi mvumo unapungua, usiogope, ndivyo gita lilivyo. Ila kama ukigusa nyuzi unapigwa na umeme, zima, muite fundi. Usifungue ampli mwenyewe hata kama umeichomoa, ndani kuna vitu vinavyoweka umeme baada ya kuzimwa.

Kitu ambacho hakuna duka litakuambia ni bati. Siku ya kwanza, mpiga besi alipofika noti ya La, nyumba nzima ililia. Si muziki, ni bati na misumari yake, na sufuria juu ya kabati. Noti nyingine kimya, ile moja tetemeko. Kila chumba kina noti yake kinayoipenda. Tulitoa ampli kwenye kona, maana kona inaongeza besi, tukaiweka juu ya kiti, ikitazama masikio badala ya magoti. Hapo sauti ikawa safi hata tukaipunguza.

Siku ya nne usiku, saa tatu hivi, jirani wa ukuta alikuja. Ni mama mtu mzima, ametoka upande wa Rutshuru, anaishi na wajukuu wawili. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema:

"Bana yangu, mimi siko mubaya. Ile gita yenyewe siisikie. Ile nasikia ni gum, gum, gum mu ukuta. Na mu ngambo ya ukuta ni kichwa yangu."

Tukaanza kuomba msamaha, akaendelea. Akasema mjukuu mkubwa anajua ni muziki. Mdogo hajui. Mdogo, wakisikia ile gum, anatafuta viatu vyake.

Hatukuwa na cha kusema. Wengi wetu tulitafuta viatu namna hiyo. Sauti nyembamba zinaishia ukutani, lakini zile nene zinapita udongo, na zikipita, nyimbo inabaki upande huu, upande wa pili inafika mitetemo tu. Ya mbali, isiyo na jina. Tulikuwa tumepima volti, wati, bei na betri, na hatukuwa tumekwenda kusimama upande wa pili wa ukuta hata dakika moja.

Kesho yake tulimuomba mama aturuhusu kuingia kwake. Wawili walikaa kwenye kitanda chake, mmoja akapiga huku. Ni kweli. Kwa sauti ambayo sisi tulikuwa tunaiita ndogo, kule ilikuwa inagonga. Tulipunguza mpaka mama akasema hapo, tukaweka alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe. Tukakubaliana saa: kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, na si siku ya msiba. Baada ya hapo ni hedifoni. Na yule mdogo aliletwa akaonyeshwa. Mpiga besi alimwekea kiganja juu ya sanduku, akapiga Mi. Mtoto akatoa mkono haraka. Akarudisha. Hatutadanganya kwamba sasa anaipenda. Mama anasema bado kuna siku anashtuka. Ila sasa anauliza kwanza, "Ni wale?"

Harusi ya kwanza baada ya hapo tulilipwa kamili, na elfu 50 iliingia kwenye mfuko. Ilitoka wiki mbili baadaye kwa malaria ya mmoja wetu.

Habari nyingine ni kwamba familia ya mpiga besi wetu imeitwa interviu ya pili. Inaweza kuchukua miaka, inaweza kuwa mwezi ujao, mnajua zile kazi. Alituambia mwenyewe kwamba ampli haiendi, ni ya kundi, na hata akitaka kuibeba, kule ni 120 na hii ni 240, itakuwa mdomo umefungwa. Tulicheka sana, kicheko cha watu waliowahi kuona moshi. Sasa kila jioni baada ya saa kumi na mbili anafundisha msichana wa miaka 15. Hedifoni ni moja, kwa hiyo wanagawana, sikio moja kwa moja. Vidole vyake bado vinauma lakini mkono wa kulia una saa ndani.

Rafiki yetu wa Marekani tulimtumia video mwishowe. Aliuliza spika ile ya zamani tumeifanyia nini. Fundi anasema anaweza kuijengea sanduku la mbao, tuiunganishe siku tukipata ampli yenye tundu la spika ya nje. Hii yetu haina. Iko kwenye sweta zake, chini ya kitanda.

Mwenye swali aje Jumamosi saa kumi, nyuma ya soko la Base Camp, mtasikia kabla ya kuona, lakini si sana. Mje na kebo yenu, ya kwetu imeanza kukata.